Mkono Uliojifunza Kunyima

Kazi niliyoianza baada ya kuacha shule ilikuwa ya kurudisha mpira. Sisemi kuuokota, hiyo niliifanya nikiwa mdogo zaidi. Nasema kuurudisha kwa raketi, upande wa pili wa wavu, kwa bwana au bibi aliyekuja kunyoosha viungo asubuhi kabla jua halijawa kali. Serkle, ndivyo tulivyoiita klabu ile ya wazungu, ilikuwa mtaa wa Nguba, na viwanja vyake vya tenisi vilishuka ngazi kwa ngazi kuelekea ziwani, vyekundu kwa vumbi la matofali yaliyosagwa. Mwanachama aliyekuja bila mwenzake wa kucheza naye aliitiwa mmoja wetu. Tulikuwa vibarua wa siku, na tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kutusomea: mpira umfikie patron, ndivyo tulivyomwita mwanachama, mahali anapoupenda.

Kila patron alikuwa na mahali pake. Daktari mmoja mnene aliutaka upande wa kulia, usawa wa nyonga, usimtoe alipo. Mke wa mhandisi aliupenda uje juu na polepole, apate nafasi ya kuuvizia. Wakili mmoja alitaka umkimbize, lakini kidogo tu, aufikie na ajisifu. Niliwajua wote. Nilikuwa nikisikia viatu vya mtu kwenye ngazi, kabla sijamwona uso, mkono wangu tayari unajua utaupeleka mpira wapi. Patron akiteleza, tuliuacha mpira upite, tukasema, "Pole, bwana," tukaanza upya. Na yule ambaye mipira yake iliwapita mapatron mara kwa mara, kesho yake aliitwa mwingine.

Nilisifiwa kwa kazi hiyo. Mwalimu wa tenisi, mzungu mzee aliyefundisha watoto wa wanachama, alinipa raketi yake ya zamani akanifungia nyuzi mpya. Jioni, viwanja vikibaki vitupu, alinionyesha jinsi ya kuanzisha mpira na jinsi ya kuupiga kwa upande wa kushoto bila kugeuza mwili wote kama mlango. Aliwaambia wanachama kwenye baraza, nami nikisikia, kwamba kijana huyu ana mkono, anachokosa ni mtu wa kucheza naye kweli. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mama alikufa tukiwa wadogo. Baba, aliyekuwa akivuta rulo, lile gogo zito la kulainisha viwanja, aliugua kifua akalazwa hospitali ya Katana, na huko ndiko alikomalizia siku zake. Alipolazwa nilikuwa mwaka wa nne katika shule ya mapadri. Niliweka kibao changu cha kuandikia juu ya kabati na sikukishusha tena. Dada yangu alinifuata kwa miaka minne, na nyuma yake walikuwa wadogo wetu wawili wa kiume, mmoja aliyepoteza meno ya mbele na mwingine ambaye ya kwake yalikuwa ndiyo yanarudi.

Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa serkle, upande wa Nyalukemba, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyopewa baba. Nyumba za kambi zilikuwa za watu wenye kontra, yaani walioandikwa kazi ya kudumu. Mimi kibarua sikuwa na haki nayo. Gérant, msimamizi wa serkle, alikuwa akipita pale mlangoni akitazama upande wa ziwa, na kwa muda mrefu niliishi kwa shukrani ya jinsi alivyopenda kutazama ziwa.

Kilio cha baba kilipokwisha, mdogo wake akaja kutoka kijijini, upande wa Katana. Kwetu Bushi watoto wa marehemu ni wa ndugu zake, na hakuna anayehitaji kuombwa. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kiti cha baba, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mutoto wa kaka yangu, sikuje kugombana. Hii nyumba iko ya nani?"

"Ya serkle, baba mudogo."

"Na weye uko nani kwa serkle?"

Nikaitazama raketi yangu ukutani.

"Unaona. Siku moja bataleta mutu na bibi yake na batoto yake, na nyinyi mutatoka na mikeka ku kichwa. Hawa badogo babili nitaenda nabo, bachunge ng'ombe. Dada yako ataikala kwa shangazi yenu."

"Na mimi?"

"Weye uko mwanaume. Utapata fasi ya kulala."

Dada yangu, aliyekuwa akisonga bugali jikoni, hakungoja kuulizwa. "Mimi siendi kwa shangazi. Shangazi anakoromaka."

Baba mdogo alicheka mpaka kofia ikaanguka. Lakini alipomaliza kucheka, neno lake lilikuwa pale pale. Nilimwomba muda mpaka mavuno ya mtama.

"Mavuno ya mtama," akasema. "Sawa. Nitakuja na kasiksi. Kama uko na nyumba, tutakunywa juu ya nyumba. Kama hauna, tutakunywa ya kubaaga batoto."

Kasiksi ni pombe ya ndizi, na kwetu jambo kubwa halimalizwi midomo ikiwa mikavu. Alipoondoka, wadogo zangu walimsindikiza mpaka barabarani wakimwuliza majina ya ng'ombe wake. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wakirudi, nikaamua kwamba hawataachana. Sikujua kwa njia gani. Nilijua tu kwamba nimeamua.

Njia ilijitokeza mwanzo wa kiangazi. Yule mwalimu mzee alirudi kwao Ubelgiji, na serkle haikupata mzungu wa kushika nafasi yake. Baada ya majadiliano mengi kwenye baraza, wanachama walikubali kuchukua mwalimu mweusi. Angepewa kontra, na mwenye kontra anakaa kambini. Wengine walinitaja mimi. Lakini mwanachama mmoja aliyehamia kutoka Usumbura alisema huko kuna mtu aliyekwisha komaa, aliyecheza na wachezaji wa kulipwa mpaka Elisabethville. Walipochoka kubishana, walifanya wafanyavyo watu wa michezo: tucheze, atakayeshinda achukue kazi.

Inafaa nieleze kidogo habari ya kulipwa. Katika tenisi ya siku zile, mwenye heshima alikuwa yule asiyelipwa. Vikombe na maua vilikuwa vyake. Aliyepokea chochote kwa kushika raketi aliitwa professionnel, na wanachama walilitamka neno hilo kama wanavyotaja mpishi. Kabla mwalimu mzee hajaondoka nilimwuliza kama siku moja ningeweza kuingia kwenye mashindano yao. Alicheka, si kwa ubaya. Akasema hata ngozi tukiiweka pembeni, nimekwisha kulipwa, na anayelipwa hucheza na anayelipwa mwenzake. Nikamjibu, basi nicheze na hao.

Mtu wa Usumbura alikuja kwa lori la mizigo. Alikuwa mrefu, suruali nyeupe imepigwa pasi, nywele zimechanwa kwa mstari ulionyooka kuliko mistari ya uwanja. Aliniita "mudogo" tangu salamu ya kwanza. Gérant alisema tucheze kwanza Jumapili ile mchezo wa kuonyesha tu, wanachama watuone, na mechi yenyewe iwe wiki tatu baadaye, mwenyekiti atakaporudi safari.

Katika mchezo ule wa kuonyesha sikupata chochote cha kujivunia. Si kwamba nilikosea mipira. Sikukosea karibu hata mmoja. Kila aliponipigia, nilirudisha, safi, bila jasho, na kila niliporudisha, mpira ulimkuta hapo hapo aliposimama, upande wa kulia, usawa wa nyonga. Naye akauweka pembeni, mimi nikabaki nautazama. Nilikuwa naiona kona tupu upande wake. Nilikuwa naamua kupiga huko. Mkono ulikataa. Tulipokuwa tukibadilishana upande, alinipita karibu na wavu akasema kwa sauti ya chini:

"Asante, mudogo. Unanipakulia muzuri sana. Jumapili ingine uongeze chumvi."

Kwenye baraza walipiga makofi ya adabu. Daktari mnene alisikitika: ilionekana nimecheza vilevile ninavyocheza naye kila siku, na kila siku alikuwa akiamini ananishinda.

Nilirudi kambini, nikakaa kwenye kizingiti. Dada yangu alikuwa ameangalia mchezo wote kutoka nje ya uzio wa waya.

"Yaya," akasema, ndivyo alivyoniita mimi mkubwa wake, "ule mutu ni patron yako?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini ulikuwa unamutumikia?"

Nyuma ya nyumba ya kufulia kulikuwa na kiwanja kidogo ambapo shuka za serkle zilikauka. Kesho yake jioni tulifunga kamba ya kuanikia katikati, tukaiita wavu. Dada alisimama upande wa pili na kipande cha ubao. Kazi yangu ilikuwa kupiga mahali asipokuwepo. Akaweka adhabu: siku ambayo ubao wake utagusa mipira mingi kuliko nitakayompitisha, mimi ndiye nitakayechota maji ziwani.

Kambini kuchota maji ilikuwa kazi ya wasichana. Siku ya kwanza nilichota. Siku ya pili nilichota. Mama jirani, mke wa mpishi, aliniona napanda mlima na ndoo kichwani akaita wenzake waje kuona.

"Moniteur! Moniteur wa ndoo! Unafundishaka kuogelea siku hizi?"

"Ninafundisha yote, maman."

"Basi ulete ya kwetu pia, mwalimu!"

Siku ya tatu, yule mdogo wetu wa mwisho alichoka kuokota mipira bila kupewa nafasi. Akaenda akasimama peke yake kona ya kushoto, upande wa dada yake, mfuniko wa sufuria mkononi, akapiga kelele: "Yaya, nipe mimi! Nipe mimi!"

Na mpira ukaenda. Sikuamua. Ulimpita dada kama hayupo, ukagonga mfuniko wa sufuria, nao ukalia kama kengele kambi nzima. Tukatazamana. Dada akasema nirudie. Nikarudia, kengele ikalia tena. Mkono wangu haukuwa umekataa kona. Ulikuwa umekataa mahali pasipo na mtu. Miaka yote ulikuwa umefundishwa kumpelekea mtu kitu chake. Ulitaka tu kuambiwa ni nani anayengoja.

Tuliwaweka wote wawili, mmoja kila kona, na mifuniko yao. Dada alikaa katikati, akikimbia, akinitukana ili nimtazame yeye. "Patron! Mimi hapa, patron! Daktari iko hapa, nyonga inauma!" Na mimi nikawagawia wadogo zangu, huyu mmoja, yule mmoja, maana nikimpa huyu mara mbili yule analia. Jioni ile nilikunywa maji aliyochota dada. Kisha tukaanza kuwaondoa: kwanza mifuniko, ili nisisikie kengele, kisha mtoto mmoja, kisha wote. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Nililazimika kuwaona bila kuwaona. Kuna siku niliweza, kuna siku kona zilibaki udongo tu, na nikarudi kwenye ndoo.

Jumapili ya mechi watu walitoka misani wakaja moja kwa moja. Wanachama kwenye baraza, wafanyakazi na jamaa zao nje ya uzio, chini ya mikaratusi. Wakili ndiye aliyekuwa mwamuzi. Nilipoinua macho kutafuta ndugu zangu, niliona kofia ya baba mdogo. Mtama ulikuwa umewahi mwaka ule. Alisimama kando ya dada yangu, kibuyu cha kasiksi miguuni, akiutazama uwanja kama mtu anayetazama shamba lililopandwa vibaya.

Walichosema nilisimuliwa baadaye na dada. Baba mdogo alimwuliza ni nani anayeshinda katika mchezo huu.

"Ule mwenye kunyima mwenzake mpira," dada akamjibu.

"Kumunyima?"

"Njo hivyo. Mwenye choyo njo anashindaka."

Baba mdogo akatikisa kichwa. "Basi kijana yetu hatashinda. Baba yake hakukuwa na choyo hata kidogo."

Seti ya kwanza ilithibitisha neno lake. Watu walikuwa wengi, viatu vya kuazima vilinibana, na nilipotazama kona niliona chokaa nyeupe na vumbi jekundu, basi. Mtu wa Usumbura alinichezesha kama kitu chake. Sikumfurahia, lakini sikuweza kumchukia pia. Alipiga kwa uzuri ambao sikuwahi kuuona kwa karibu hivyo.

Mwanzo wa seti ya pili, nilipokuwa nadundisha mpira kuanza, sauti nyembamba ikatoka kwenye uzio: "Yaya! Nipe mimi!"

Wafanyakazi wakacheka. Gérant akageuka, kidole mdomoni. Mtoto akanyamaza, lakini nilikuwa nimekwisha kumsikia. Nilipoinua kichwa, nilimweka pale, kona ya kushoto, na kaka yake nikamweka kulia, na nikaanza kugawa.

Sitasema kwamba baada ya hapo ilikuwa rahisi. Yule mtu alikuwa amecheza na watu wakubwa, na hakuhitaji kuambiwa mara mbili kilichobadilika. Alikimbia. Aliifikia mipira ambayo ungeapa imekwisha kufa. Lakini alikuwa akikimbia, na patron hakimbii. Nilichukua seti ya pili. Katika ya tatu akaanza kunivizia, anasogea kona kabla sijapiga, kama anayewaona wadogo zangu walivyosimama. Nikabaki na jasho tu. Ndipo nikamkumbuka dada. Nikamweka karibu na wavu, katikati, ubao wake mkononi, nikampelekea mpira mfupi, mwepesi, unaodondoka tu. Mtu wa Usumbura alisimama kona akautazama ukidunda mara ya pili. Akanitazama mimi. Akatabasamu kidogo.

Tulifika mahali ambapo pointi moja ingenipa mechi. Tuliupeleka mpira na kuurudisha mpaka barazani glasi zote zikawekwa mezani. Nilimpa mdogo wa kulia, mtu wa Usumbura akaufikia. Nilimpa wa kushoto. Akageuka kuukimbilia, mguu ukateleza kwenye vumbi, akaanguka kwa goti na mkono. Hata hivyo raketi yake iliugusa, mpira ukarudi kwangu, juu, taratibu, kama ule anaoupenda mke wa mhandisi.

Yeye alikuwa chini. Uwanja wote ulikuwa wazi. Na mwili wangu wote ulijua la kufanya: kuuacha upite, kusema pole, kuanza upya. Hivyo ndivyo nilivyolipwa kufanya tangu nishike raketi. Niliusikia ulimi wangu ukijiandaa kusema. Lakini wale wawili walikuwa wakingoja, kila mmoja kwenye kona yake, na niliona nikiuacha mpira ule, kesho watakuwa njiani kwenda kuchunga ng'ombe wa baba yao mdogo. Nikaupiga kona ya kulia. Sikuupiga kwa nguvu. Niliupeleka.

Kwa muda hakuna aliyepiga makofi. Nafikiri kwenye baraza walikuwa wakingoja niombe radhi. Kisha wakili akatangaza kwamba mechi imekwisha na kwamba nimeshinda, na kelele ikatoka nje ya uzio, siyo barazani. Mtu wa Usumbura akainuka, goti jekundu, suruali yake nzuri imechafuka. Nilimfuata kwenye wavu nikamwambia pole.

"Pole ya nini?" akasema. "Leo njo umecheza. Kiangazi kikija tena, shuka Usumbura. Kuko sisi benye kulipwa, tunachezaka sisi kwa sisi. Huko hakuna mutu atakuambia pole."

Nilishuka kweli, mwaka uliofuata, juu ya lori, na kwenye mechi yangu ya kwanza huko nilifundishwa adabu na mzee mwenye mvi ambaye hakukimbia kabisa. Nilirudi tena mwaka mwingine, na mwingine. Lakini hayo yalikuwa mbele.

Jumapili ile gérant aliniita ofisini akaniambia nije kesho yake kuweka sahihi ya kontra. Nilimwuliza kuhusu nyumba. Alionekana kushangaa. "Nyumba gani?" akasema kwa Kiswahili chake. "Weye nakaa tayari mule."

Nilipofika kambini, baba mdogo alikuwa kwenye kizingiti, wadogo zangu wameketi pande zake zote mbili. Alikuwa amekwisha kukizibua kibuyu. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa mrija ninywe wa kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ulimupiga mutu akiwa chini," akasema.

"Ndiyo, baba mudogo."

"Baba yako hangefanya."

"Ninajua."

Akafikiri. Akawatazama wale wawili, waliokuwa wakigombania mfuniko wa sufuria. "Wakati bakifunga shule, bakuje kuona ng'ombe."

"Bote batatu batakuja. Mimi mwenyewe nitabaleta, na mimi mwenyewe nitabarudisha."

"Sawa," akasema. "Bakuje, barudi." Akaupokea mrija, na hakulitaja tena jambo hilo siku ile wala siku nyingine.

Jua lilipoanza kushuka upande wa milima, dada yangu alitoka ndani, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Yaya, seti ya kwanza mipira yote ilimufikia."

"Nimeshinda, weye."

"Nimeona. Lakini ilimufikia." Akaonyesha kwa kidevu pale ukutani. "Ndoo ziko pale."

Baba mdogo akaanza kucheka, kofia ikaanguka. Nilivua viatu vya kuazima, nikachukua ndoo mbili, nikashuka ziwani. Mke wa mpishi alikuwa mlangoni kwake akaniona, akafungua mdomo, kisha akaingia ndani akatoka na ndoo yake.

"Moniteur," akasema, "na ya kwetu."

Nikaichukua.